Hekalu la Brihadisvara, Thanjavur: nyota tano kwa waashi, mbili kwa mwongozaji wangu

Nilikuwa Chennai, India, wiki tatu nikimuuguza shangazi aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Alipobakiza mazoezi tu, akanitimua: "Hebu nenda ukatembee, mwanangu. Umenikalia hapa kama askari wa zamu." Mimi ni mwashi, mwaka wa kumi na tisa huu nashika mwiko, kwa hiyo maduka ya nguo hayakunivuta. Nikapanda treni ya usiku kwenda kusini, zaidi ya kilomita 300, hadi Thanjavur.

Stesheni nikamwambia dereva wa bajaji, "Brihadisvara." Akanikodolea macho. Nikamwonyesha picha. "Ah! Periya Kovil, anna!" Periya Kovil ni Kitamil, hekalu kubwa, na anna ni kaka. Jina refu ni la vitabuni. Mjini wote wanaliita hivyo, hekalu kubwa, basi.

Na ni kubwa kweli. Unapita malango mawili ya mawe yaliyosheheni sanamu, halafu unaingia ua mpana na mnara unakujia wote kwa mpigo, zaidi ya mita 60 kwenda juu, umesimama juu ya kitako cha mraba chenye mita kama 30 kila upande. Mahekalu mengi ya kusini mwa India yaliyojengwa baadaye yana malango marefu kuliko chumba cha mungu chenyewe. Hapa ni kinyume: malango yameinama, mnara uliosimama juu ya patakatifu ndio unaotawala. Mahekalu ya Kisutu pale Dar ninayoyajua tangu utotoni yana sura nyingine kabisa.

Aliyelijenga ni mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, kwa ajili ya Shiva, mungu wa Wahindu, na likakamilika mwaka 1010. Kitu cha kwanza nilichojiuliza kama fundi: mawe walitoa wapi? Thanjavur ni delta ya mto Kaveri, tambarare ya mashamba ya mpunga, kilima hukioni. Graniti yote hiyo ilisafirishwa makumi ya kilomita. Na graniti si jiwe la mchezo. Sisi wa pwani tumezoea matumbawe, jiwe unalolichonga kwa shoka likiwa bichi. Hili linakula patasi.

Niliinama kwenye kona ya kusini nikapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kiungo cha mawe mawili. Ukucha ulikwama kidogo tu, kama kwenye ufa wa kikombe. Sikuona chokaa pale. Jiwe limekaa juu ya jiwe, uzito ndio gundi. Ndani mnara una uwazi: chini kuna kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na njia ya kupita katikati. Ukipanda, kuta zinaungana, halafu kila kozi, yaani safu ya mawe, inatokeza ndani kidogo kuliko ya chini yake, ghorofa 13, mpaka zinakutana kileleni. Hakuna tao, hakuna nondo. Ukikosea timazi chini kwa upana wa kidole, huko juu unaumbuka. Nilichungulia ukingo wa mnara dhidi ya anga kwa muda mrefu hadi mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama.

Sasa mwongozaji. Nilimkodi langoni, kitambulisho shingoni, maneno mengi. Akaniambia jiwe la kileleni ni moja tu, tani 80, lilivutwa na tembo kwenye mteremko wa kilomita kadhaa. Ukweli ni kwamba kile kilele kimeunganishwa kwa vipande, na waliokikagua wamelieleza hilo. Tukafika kwa Nandi, ng'ombe dume wa Shiva aliyechongwa kwa jiwe moja, urefu karibu mita 6, anang'aa mafuta. Akasema Nandi alikuwa anakua, ikabidi apigwe msumari mgongoni. Hiyo ni hadithi ya wenyeji, tamu, sina ugomvi nayo. Ila hakunitajia kwamba Nandi huyo na banda lake ni vya watawala wa Nayaka, karne kadhaa baada ya Rajaraja. Mwisho akapandisha sauti: "Kivuli cha mnara huu hakigusi ardhi kamwe!"

Hekalu hufungwa mchana, kama saa sita na nusu, na kufunguliwa tena saa kumi jioni. Nikamlipa, nikaenda kula wali kwenye jani la mgomba, nikarudi peke yangu. Saa kumi na moja kivuli cha mnara kilikuwa kimelala uani kirefu kama mnazi, familia tatu zimekaa ndani yake na watoto wao wanakula njugu. Nilipiga picha.

Kinachoniuma ni kwamba alinipitisha haraka kwenye kitu cha maana kuliko vyote. Kitako kizima cha hekalu kimeandikwa. Mistari na mistari ya Kitamil imechongwa kwenye graniti kuzunguka jengo, na ni daftari la hesabu: mfalme ametoa nini, dada yake Kundavai ametoa nini, sanamu gani ya shaba, dhahabu kiasi gani, kijiji gani kitaleta mpunga. Wamo wacheza ngoma 400 walioletwa kutoka mahekalu mengine, kila mmoja kwa jina lake, na nyumba aliyopewa na posho yake ya mpunga. Na yumo fundi mkuu: Kunjaramallan Rajaraja Perunthachan. Miaka elfu moja, jina la mwashi liko ukutani pamoja na la mfalme! Mimi nimejenga nyumba zaidi ya arobaini; bango la nje huandikwa mkandarasi na mshauri. Nilimwomba mwanafunzi mmoja aliyekuwa anasoma maandishi anionyeshe lilipo jina, akacheka, akasema hata yeye anahangaika na herufi za zamani.

Njia ya ndani yenye michoro ya enzi za Chola, ile iliyogunduliwa mwaka 1931 chini ya michoro ya baadaye, imefungwa kwa wageni. Nilijua, lakini bado nilisikitika. Patakatifu niliingia kwa foleni na waumini, hakuna aliyeniuliza dini yangu. Lingam, nguzo ya jiwe inayomwakilisha Shiva, ni kubwa kiasi kwamba kuhani akipanda kulivisha anaonekana mdogo. Simu hutoi humo ndani.

Kiingilio hakuna. Hekalu limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1987, na bado watu wanasali kila siku, kwa hiyo vaa nguo za heshima. Viatu unaviacha nje, na hapo ndipo nilipoadhibiwa: saa tano asubuhi sakafu ya ua ilikuwa kikaango, nikawa narukaruka kama kuku huku bibi mmoja wa sari ya kijani ananicheka waziwazi. Jioni nilikuja na soksi. Bebeni soksi, nzito, za pamba.