Simu ya 1195 na milango iliyo nyuma yake: tathmini kwa wakazi wa Kisumu na Nakuru

Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya maendeleo (UNDP) na ya wanawake (UN Women) yalipoorodhesha hatua za serikali duniani dhidi ya korona, yalipata 4,968. Zilizomjali mwanamke kwa namna mahsusi zilikuwa 1,605, na zaidi ya nusu ya hizo zilihusu ukatili wa kijinsia. Hapa Kenya, ukitaka kujua hatua za aina hiyo zina uzito gani, anzia na 1195, namba ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Namba hii ilikuwepo kabla ya korona, lakini kafyu ndiyo iliyoonyesha inachoweza na isichoweza.

Kupiga ni rahisi. Simu inaingia hata salio likiwa sufuri, saa 24, na kabambe, simu ndogo ya vibonye, inatosha. Anayepokea husikiliza, hushauri na kukuelekeza hospitali au kituo cha polisi. Kwa mtoto, piga 116. Hapo hatuna lawama.

Tatizo liko nyumbani. Kwenye chumba kimoja cha mabati katika mitaa ya Kisumu kama Nyalenda au Obunga, jirani anasikia hata kijiko kikianguka, na wakati wa kafyu mume alikuwa papo hapo tangu jioni. Piga ukiwa umetoka kuchota maji, kisha futa namba kwenye orodha ya simu zilizopigwa, kwa sababu simu ya bure nayo huonekana pale.

Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Juni 2021, kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na Magharibi, zikiwemo Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega, zilirudishwa kwenye saa moja ilhali kwingine watu walitembea hadi saa nne usiku. Nakuru nayo ilikuwa imeonja kufungiwa mipaka kuanzia Machi mwaka huo. Ruhusa ya kutembea usiku ilikuwa ya watoa huduma muhimu. Mama aliyefukuzwa saa tatu usiku hakuwa na kibali wala bodaboda. Ukipiga 1195 utaelekezwa, lakini kufika ni juu yako, na hali hiyo haikuisha kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021.

Ukifika je? Kwa Kisumu, hospitali ya Jaramogi, ile wenyeji tunaiita Russia, ina kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Kwa aliyebakwa, nenda hospitali kwanza, polisi baadaye, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Zinamezwa siku 28, na wengi huzikatiza njiani kwa kichefuchefu. Mwambie daktari badala ya kuacha. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120. Matibabu haya ni bure katika hospitali za umma kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo ukitajiwa ada ya faili au glavu, uliza msimamizi wa zamu.

Usioge, usifue. Nguo zitiwe kwenye bahasha ya kaki au karatasi, kamwe si mfuko wa nailoni, kwa kuwa unyevu hufanya nguo kuota kuvu na ushahidi kuharibika. Mhudumu atajaza fomu ya PRC, yaani ya uchunguzi na matibabu baada ya kubakwa: nakala moja ni ya polisi, moja ya hospitali, moja yako. Idai yako kabla ya kuondoka. P3, fomu ya polisi ya kurekodi majeraha, hutolewa na polisi bila malipo, kisha hujazwa na mhudumu wa afya. Kesi nyingi hulegea hapa, pale fomu inapobaki na tarehe isiyolingana na ya PRC au sahihi isiyosomeka. Soma mstari kwa mstari ukiwa bado dirishani.

Alama zetu: simu 8 kwa 10, hospitali 7, usafiri 2. Mahali pa kulala usiku wa kwanza panapata 1. Serikali ikipanga kwa ajili ya janga lijalo, bajeti ianzie kwenye alama hizo mbili za mwisho: gari la usiku na vitanda katika kila kaunti, pamoja na kibali cha kutembea kinachomtaja mwathiriwa wa ukatili waziwazi, bila kumsubiri askari wa barabarani aamue.