Kihariri cha kutengenezea tovuti: uliza kwanza RAM ya laptopu yako

Vijana wanaoanza kutengeneza tovuti hapa Arusha huniuliza waweke kihariri gani, yaani programu ya kuandikia msimbo wa tovuti. Nami huwauliza laptopu ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, kiasi gani. Wengi wamenunua ya mtumba yenye GB 4, na Windows pamoja na kivinjari vinakula sehemu kubwa kabla hujaandika mstari mmoja. Orodha hii nimempangia mtu wa aina hiyo, anayetumia bando na ambaye umeme humkatikia katikati ya kazi.

1. VS Code. Ukiwa na GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi, usihangaike kutafuta kingine. Ni ya Microsoft, ilitoka 2015, na ni bure hata kwa kazi ya kulipwa. Kwa mji huu hilo ni jambo kubwa, maana tovuti nyingi tunazopata ni za kampuni za utalii. Fungua faili jipya la HTML, lugha ya kujengea kurasa za tovuti, andika alama ya mshangao, bonyeza Tab: mifupa yote ya ukurasa inajiandika. Ongeza kiendelezi (kiprogramu cha kuipa VS Code uwezo zaidi) cha Live Server, na kila ukihifadhi faili, kivinjari kinabadilika hapohapo. Anayefanya kazi za WordPress, mfumo wa tovuti ulioandikwa kwa lugha ya PHP, aweke kiendelezi cha PHP Intelephense. Humwonyesha nukta-mkato aliyoisahau kabla mteja hajakutana na ukurasa mweupe usio na kitu.

Ukishaiweka tu, ingia menyu ya File uweke tiki kwenye Auto Save. Jioni moja pale Sakina umeme ulikatika nikiwa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), natengeneza fomu ya wageni kuombea safari. Mara ya mwisho kuhifadhi ilikuwa kabla ya magharibi. Niliianza upya kesho yake, sehemu kwa sehemu, na mteja alikuwa akisubiri. Tangu siku ile siandiki chochote kabla ya tiki hiyo.

Ubaya wake ni uzito. Ndani yake mna Chromium, injini ileile ya Chrome, kwa hiyo Chrome ikiwa wazi ni kama una vivinjari viwili. Kwenye GB 4 weka viendelezi viwili vitatu, basi. Zima pia masasisho ya kujiendesha, yasikumalizie bando. Viendelezi unaweza kuvipakua penye WiFi kama faili za .vsix ukavibeba kwa flashi.

2. Sublime Text. Kwa mwenye GB 4, hii naipandisha namba moja. Ipo tangu 2008 na hufunguka ukigusa tu, hata kwenye mashine iliyochoka. Bei ni dola 99, pamoja na masasisho ya miaka 3. Majaribio hayana kikomo cha muda, ila kisanduku cha kukukumbusha kununua hujitokeza mara kwa mara. Jifunzie nayo, na malipo ya tovuti yako ya kwanza yakiingia, ilipie. Walioitengeneza nao wanaishi kwa kazi hii.

3. WebStorm. Kwa mradi mkubwa wa JavaScript, lugha ya kuipa tovuti vitendo, sijaona inayoifikia: unabadilisha jina la kitu sehemu moja, linabadilika kila lilipotumika. Hujihifadhi yenyewe na hutunza historia ya kila badiliko. Tangu Oktoba 2024 ni bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, lakini kampuni ya utalii ikikulipa, unahitaji leseni ya kununua. Chini ya GB 8 usiiguse.

4. Notepad++. Ya bure, nyepesi, ya Windows peke yake. Inafaa kurekebisha faili moja la haraka.

Video za zamani bado zinaisifia Atom, kihariri kingine. GitHub, kampuni iliyoitengeneza, waliifunga tarehe 15 Desemba 2022, kwa hiyo ipite.

Na kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua RAM kabla ya leseni yoyote. Nenda dukani na laptopu yenyewe, fundi afungue kifuniko aone kama ina nafasi ya kuongeza, na kama RAM yake ni ya aina ya DDR3 au DDR4, kwa sababu moja haiingii penye nyingine.