Benki ya simu au benki ya dirishani? Uzoefu wangu Uingereza

Sisi tuliokulia kwenye M-Pesa tukiwasikia Waingereza wakibishana kama ni salama kuweka hela kwenye simu, tunabaki kutazamana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania ikafuata mwaka 2008. Kampuni za huku za benki ya simu, zisizo na tawi hata moja, ni za juzi tu: Starling ilianzishwa 2014, Monzo na Revolut 2015. Kwa hiyo nilipohamia huku kwa kazi ya kuhudumia wazee, habari ya benki isiyo na jengo haikunishtua hata kidogo. Kilichonishtua ni kwamba haina wakala.

Nitafika huko. Kwanza nitaje ninachotumia: Monzo kwa mshahara na matumizi ya kila siku, Starling kwa safari, na akaunti kwenye benki moja kongwe ambayo jina lake nalisitiri kwa kuwa nina manung'uniko nayo. Naishi Rochford, mji mdogo wa Essex jirani na Southend, kwa hiyo ninayosema ni ya mtu wa mji mdogo. Aliye katikati ya London huenda akaona mengine.

Kufungua akaunti ndiko tofauti inakoonekana mapema. Mwajiri anataka namba ya akaunti akulipe, na benki kongwe inataka uthibitisho wa makazi: bili ya umeme, ya maji, au ya kodi ya manispaa, yenye jina lako. Sasa mgeni aliyepanga chumba kwenye nyumba ya watu sita, bili zote jina la mwenye nyumba, ataitoa wapi? Dada wa dirishani alikuwa na adabu tele, akaniita "madam" kila sentensi, lakini akaunti sikupata. Nikarudi nyumbani, nikapakua programu ya Monzo, nikapiga picha pasipoti, kisha nikajirekodi video fupi nikitaja jina langu na kusema nataka akaunti. Nilijifungia bafuni kuirekodi kwa sababu mwenzangu wa chumba alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala. Wao wanachotaka ni anuani ya kupokelea kadi tu. Kadi ikaja kwa posta, ile rangi yao ya waridi inayowaka, huwezi kuipoteza ndani ya mkoba. Benki kongwe ilinikubali baadaye sana, nilipokuwa tayari na barua za kutosha zenye jina langu, na kwa kweli sikuwa tena na shida nayo.

Matumizi ya kila siku, benki za simu zimeshinda, tena kwa mbali. Ukigusisha kadi dukani, simu inatetemeka kabla muuzaji hajakupa risiti: umetumia kiasi gani na wapi. Monzo hukuruhusu kuchukua mshahara tangu saa kumi jioni ya siku ya kazi iliyotangulia, na kwa sisi ambao kodi ya nyumba inakatwa tarehe ileile, hizo saa chache ni neema. Halafu kuna vibubu. Unatenga hela ya nauli ya kwenda nyumbani, ya ada ya watoto, ya viza, kila moja na kibubu chake, na huioni kwenye salio unaloweza kutumia. Mimi ni mtu wa "nikope kidogo tu nitarudisha", na kule kulazimika kuingia, kufungua kibubu na kuhamisha kumeniokoa mara nyingi.

Nikienda likizo Dar nabeba ya Starling. Kulipa kwa kadi nje ya nchi hawana makato yao, ilhali benki nyingi kongwe huongeza karibu asilimia 3 kwa kila muamala. Lakini msidanganyike: Dar utakayoikuta ni ya taslimu na ya kulipa kwa namba, na mashine ya ATM ya kule inaweza kukata chake hata kama benki yako haikati.

Kuhusu usalama, watu wengi huku bado wanaamini jengo la mawe lenye nguzo. Sheria haitazami nguzo. Benki yenye leseni kamili, iwe na tawi au isiwe nalo, hela yako inalindwa na mfuko wa fidia wa FSCS: zamani ilikuwa mpaka pauni 85,000, na tangu tarehe 1 Desemba 2025 ni pauni 120,000 kwa mtu mmoja katika benki moja. Cha kuangalia ni leseni. Revolut kwa miaka mingi Uingereza haikuwa benki, ilikuwa taasisi ya pesa za kielektroniki, na hela iliyo kwenye akaunti ya namna hiyo haiingii kwenye mfuko huo. Leseni ilipewa Julai 2024, nayo ikiwa na vizuizi. Na ukitapeliwa ukahamisha hela kwa mkono wako mwenyewe, tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zote, za simu na za dirishani, zinapaswa kukurudishia mpaka pauni 85,000 isipokuwa kama ulizembea kupita kiasi, ingawa zinaruhusiwa kukata hadi pauni 100 za mwanzo.

Kitu kimoja kidogo cha Monzo nakipenda: mtu akikupigia akajidai ni wao, unafungua programu nayo inakuambia kama kweli wanakupigia muda huo au la. Kwa benki kongwe nyingi dawa ni kukata simu na kupiga 159, itakuunganisha na benki yako halisi. Wazee ninaowahudumia nimewaandikia namba hiyo kwa kalamu nene, nikaibandika pembeni ya simu ya mezani.

Sasa tuje kwenye yaliyotukuta.

Tuna mchezo wetu, Watanzania na Wakenya wa upande huu wa Essex. Kila mwezi kila mtu anatoa pauni mia mbili, mmoja anachukua zote. Mweka hazina ni dada mmoja wa Tanga, mtu makini, daftari lake halina hata kufutafuta. Hela zilikuwa zinapitia akaunti yake kwenye benki moja ya simu, naiacha bila jina. Jioni ya siku ya kumlipa aliyekuwa na zamu, akaunti ikafungwa. Programu ikamwonyesha ujumbe mfupi wa upole kwamba wanapitia taarifa zake. Akaandika kwenye dirisha la mazungumzo, akajibiwa kwamba timu husika inalishughulikia. Akaandika tena, jibu lilelile, ila jina la aliyejibu limebadilika. Huku kwenye kundi letu la WhatsApp: "Dada, hela zetu ziko wapi?" Mwingine: "Mimi simtuhumu mtu, nauliza tu." Mnajua maneno hayo yanamaanisha nini.

Baadaye nilimuuliza mtu anayefanya kazi kwenye kitengo cha kukagua miamala ya kutiliwa shaka katika benki nyingine, akanifafanulia. Chini ya sheria ya mapato ya uhalifu ya mwaka 2002, benki ikishuku hela inapeleka taarifa kwa NCA, idara ya kitaifa ya kupambana na uhalifu, na mfanyakazi akikudokezea kwamba umeripotiwa, yeye ndiye anatenda kosa. NCA ina siku 7 za kazi kujibu. Wakikataa muamala, kuna siku 31 nyingine juu yake. Kwa hiyo yule kijana wa kwenye mazungumzo hata angetaka kusema, asingeweza. Na tazameni mchezo ulivyo kwa macho ya kompyuta: watu wengi wanaingiza kiasi kilekile siku ileile, kisha kiasi chote kinatoka kwa mtu mmoja. Juu ya hapo jamaa yetu mmoja alikuwa anaandika mizaha kwenye sehemu ya maelezo ya muamala. Mizaha yenyewe siirudii hapa.

Hela zilirudi zote, bila maelezo wala pole. Mtu akikwama zaidi ya pale anaweza kulalamika benkini kwa maandishi, na wiki 8 zikipita bila jibu la kuridhisha, anapeleka kwa ombudsman wa huduma za fedha, yaani msuluhishi huru kati ya benki na mteja, bure.

Ningependa kusema kwamba benki ya dirishani ingetutendea vyema zaidi. Lakini mwenzetu mwingine yalimkuta yaleyale kwenye benki yenye tawi. Alikwenda, akakaa kwenye kile kiti cha bluu, akalia. Meneja akamletea maji ya kunywa na namba ya simu ya makao makuu. Alisema yale maji yalimsaidia, na mimi namwamini, ila hela zilitoka kwa muda uleule ambao zingetoka bila maji.

Tena msije mkadhani benki za simu zinafunga akaunti kwa ukali kwa sababu zina uzoefu. Zimechapwa. Starling ilipigwa faini ya karibu pauni milioni 29 mwaka 2024, Monzo pauni milioni 21.1 Julai 2025, zote kwa udhaifu wa kuzuia uhalifu wa kifedha. Monzo iliwahi kuwafungulia akaunti watu waliojaza kwamba wanaishi Buckingham Palace! Mimi na pasipoti yangu nimesimamishwa dirishani, huko mtu anajiandikia anuani ya ikulu. Lakini kongwe nazo zisijitape: NatWest ilitozwa pauni milioni 264.8 mwaka 2021 kwa sababu ya mteja aliyekuwa anapeleka taslimu matawini, nyingine zikiwa kwenye mifuko ya taka.

Narudi kwa wakala. Mimi na wifi yangu wikendi tunauza sambusa na vitumbua, na huku pia wapo wanaolipa kwa noti. Nyumbani ningevuka barabara, nimpe wakala, dakika moja hela iko kwenye simu. Kilichoifanya M-Pesa iaminike ni yule mtu aliyekaa kibandani na daftari lake, unayemjua kwa jina. Benki za simu za huku zimechukua simu zikamwacha mtu. Tulipoanza, kuweka taslimu Monzo ilikuwa unakwenda duka lenye PayPoint, ile mashine ya malipo ya kaunta, unatozwa pauni moja kila unapoweka, na huruhusiwi kuzidisha pauni 300 kwa mara moja. Starling unaweka posta, na posta yetu ina foleni ya wazee wanaopenda kuongea.

Basi utasema hapo ndipo benki kongwe inapopata nafasi yake. Ingepata, kama ingekuwepo. Matawi zaidi ya 6,000 yamefungwa Uingereza tangu 2015. Rochford wametuletea kituo cha pamoja cha benki, tena ni katika viwili vya mwanzo kabisa nchini mwaka 2021, kingine kikiwa Cambuslang, Uskoti. Kaunta inaendeshwa na posta, unaweka na kutoa hela siku yoyote ya kazi bila kujali benki yako. Lakini mwenye shida ya kuzungumza na mtu wa benki yake lazima asubiri siku ya benki hiyo, kwa maana kila benki ina siku yake katika wiki, kama mnada wa kijijini. Bibi mmoja ninayemhudumia amekariri siku yake kuliko anavyokariri siku ya daktari, na siku hiyo hapokei mgeni. Mimi nakisifu kile kituo. Kinanikumbusha wakala kuliko tawi lolote nililowahi kuingia, na ajabu ni kwamba kilizaliwa na benki zilizokimbia.

Ovadrafti, yaani kutumia zaidi ya salio ulilonalo kwa mkopo wa benki, sina la kusema sana: benki kongwe nyingi ziko karibu asilimia 40 kwa mwaka, za simu zinapanga kiwango kulingana na historia yako, na mgeni hana historia, kwa hiyo kaa mbali nazo zote. Mkopo wa nyumba bado ni mambo ya benki kongwe. Kutuma hela nyumbani situmii benki yoyote moja kwa moja, natumia kampuni za kutuma fedha kama Wise au WorldRemit, nalinganisha kiwango cha siku hiyo kwanza, maana anayetangaza "bila ada" huwa amejilipa kwenye kiwango cha kubadilishia.

Na usiweke kila kitu mahali pamoja, hata pakiwa na jengo. TSB mwaka 2018 walihamisha mitambo, wateja milioni 1.9 wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao. Barclays walipata hitilafu tarehe 31 Januari 2025, siku ya mishahara. Upande wa simu nako, simu yenyewe ikifa ndiyo utajua: kadi inaendelea kufanya kazi, lakini kuona salio ni mpaka upate simu nyingine uanze tena kujithibitisha. Ndiyo maana mimi nina kadi mbili, za kampuni mbili, na moja haitoki nyumbani.

Mgeni anayefika leo namwambia afungue ya simu wiki ya kwanza ili mshahara uwe na pa kuingilia, kisha barua zikishaanza kuja kwa jina lake afungue na ya dirishani, hata akiiacha na pauni hamsini tu, kwa ajili ya siku atakayotaka mkopo wa nyumba. Na kama yuko kwenye mchezo, asikubali kuwa mweka hazina kwa akaunti yake ya mshahara. Dada yetu wa Tanga sasa ana akaunti ya pembeni kwa kazi hiyo tu, kila mtu anaandika "MCHEZO" na mwezi husika kwenye maelezo, na yule jamaa wa mizaha anatuma mbele ya mashahidi. Zamu yangu ni mwezi ujao.