Kujifunza mpira wa kupinda mjini Goma: mpira wenye utepe au wa plastiki?

Anayejifunza kurusha mpira wa kupinda wa beisboli, yaani ule unaopinda kwenda chini ukiwa hewani, hapa Goma anaweza kuchagua kati ya vifaa viwili visivyo ghali: mpira halisi, wenye gramu 142 hadi 149, uliozungushiwa utepe mweusi katikati, au mpira mwepesi wa plastiki wenye matundu upande mmoja. Ule wa plastiki hauvunji dirisha la jirani, lakini humdanganya mwanafunzi, kwa kuwa matundu yenyewe huupinda hata pale kifundo cha mkono kilipokosea, na upepo mdogo tu wa Ziwa Kivu huupeleka kusikotarajiwa.

Utepe husema ukweli papo hapo. Mpira ukizunguka kwa mbele sawasawa, mzunguko ambao ndio unaousukuma chini, mstari huonekana umetulia hewani. Vidole vikiteleza pembeni, mstari huyumba kama gurudumu lililolegea la chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mimi ningechagua utepe, mradi ukuta wa mawe ya volkano unaorushiwa mpira utundikiwe godoro kuukuu, la sivyo ngozi ya mpira itachunika upesi. Izingatiwe pia kwamba mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo mpira hupinda pungufu kuliko pwani, jambo ambalo warushaji wa Denver, mji wa Marekani ulio kwenye mwinuko kama huu, wanalifahamu vizuri.