TAHADHARI: Betri za kuchaji zenye lebo ya uongo zinauzwa kwa warushaji wa glaida Dodoma

Ndugu warushaji wa glaida za rimoti (ndege ndogo zisizo na mota) wa Dodoma, Singida na maeneo ya jirani, nawatahadharisha juu ya muuzaji anayetangaza betri za kuchaji mtandaoni na kuzituma kwa basi hadi kituo cha Nanenane, mteja akiwa amekwisha kulipa fedha yote kwa simu. Betri hizo ni za nikeli (NiMH) za ukubwa wa AA, zimeunganishwa nne nne kuwa pakiti ya volti 4.8, na lebo yake inasema 3600 mAh (kipimo cha kiasi cha chaji ambacho betri inabeba). Kiwango hicho hakipo. Seli ya AA ya aina hiyo, hata ikitengenezwa kwa ubora wa juu, hufikia takribani 2500 hadi 2800 mAh, na zile zinazotunza chaji kwa miezi mingi, ambazo ndizo zinazotufaa zaidi, huwa karibu na 2000. Pakiti za wenzetu nilizozipima kwa chaja inayoshusha chaji na kuonyesha kiasi kilichotoka, hakuna hata moja iliyofikisha 700.

Ndege yenye mota humwonya mrushaji, kwa kuwa mota huanza kulegea kabla betri haijaisha. Glaida haina onyo hilo: betri inalisha risiva (kipokezi cha amri za rimoti) na sevo (vifaa vidogo vinavyosogeza usukani wa ndege) peke yake, na ndege inaendelea kupaa vizuri hadi dakika ambayo haisikii tena amri. Katika upepo wa kiangazi kwenye miteremko yetu, sevo hufanya kazi mfululizo na kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Seli dhaifu haiwezi kuutoa, volti zinaporomoka, na zikishuka chini ya takribani 3.5 risiva nyingi hujizima. Mji sasa umepanda hadi kwenye vilima tulivyozoea kurushia, chini yake kuna nyumba na watoto, na hilo linanitia hofu kuliko fedha iliyopotea.

Kabla ya kulipa, au angalau kabla ya kuifunga pakiti puani mwa ndege, ipimeni uzito. Mizani ndogo ya sonara inatosha. Seli halisi ya AA ya nikeli huwa na gramu 26 hadi 31, hivyo pakiti ya nne haipungui sana gramu 105. Hizi zinazouzwa hazifiki gramu 70. Mtu aliyebadilisha betri kisha akalazimika kuongeza vipande vya madini ya risasi puani ili ndege ikae sawa kwenye kitovu chake cha uzito amekwisha kuiona dalili, hata kama hana chaja ya kupimia. Volti za pakiti ikiwa imetulia hazithibitishi chochote, kwa sababu seli mbovu iliyotoka kwenye chaja nayo huonyesha namba nzuri kwenye mita. Ipimeni wakati sevo zote zinachezeshwa kwa pamoja.

Akibanwa, muuzaji hujibu kwamba betri zinahitaji kuzoeshwa kwa kuchajiwa mara kadhaa. Ni kweli seli mpya ya nikeli huweza kuongezeka kidogo baada ya kuchajiwa mara chache, lakini hakuna kuzoesha kunakoitoa 700 hadi 3600. Baadaye hutaka mteja aongeze fedha apewe betri ya lithiamu ya seli mbili, akidai inafaa sevo yoyote. Dai hilo ni la hatari: pakiti hiyo ikijaa huwa na volti 8.4, na sevo zilizotengenezwa kwa volti 4.8 hadi 6 zinaweza kuungua. Anauza pia seli za lithiamu za mviringo za ukubwa wa 18650 zenye lebo ya 9900 mAh, wakati zilizo halisi huishia karibu na 3500.

Aliyekwisha kuzinunua asizirushe. Atunze lebo, risiti ya basi, ujumbe wa malipo na picha ya tangazo, kisha apeleke malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), inayoshughulikia bidhaa bandia. Atakayepokea seli ya lithiamu iliyovimba au iliyobonyea asiichaji kabisa. Aiweke nje, kwenye chombo cha chuma chenye mchanga, mbali na nyasi kavu.