GPS ya mkononi ya kuwindia na kuvulia: ipi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Mtu aliyezaliwa Longido hahitaji mashine ya kumwonyesha njia ya kurudi bomani. Nimefanya udereva wa kambi za uwindaji misimu sita, na sijawahi kuona mfuata nyayo wetu akipotea. Ila mpaka wa kitalu, yaani eneo la uwindaji ulilopewa, haukuchorwa ardhini. Nyati akivuka korongo unaweza kuwa tayari uko kwenye kitalu cha mwenzako, na kibali chako kinataja eneo lako peke yake. Vivyo hivyo kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu: nyavu ulizotega jioni hazionekani alfajiri, na taa za mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ukiwa katikati ya bwawa zinafanana zote. GPS inunuliwe kwa ajili ya vitu hivyo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Hapo ndipo ninapopimia.

Kipimo changu cha kwanza ni betri. Chagua inayotumia betri mbili za AA, zile za redio ndogo, kwa sababu utazipata hata kwenye kiosk cha Orkesumet. Cha pili ni vitufe. Mkono wenye utelezi wa kambale hauelewani na skrini ya kugusa. Rangi za skrini na wingi wa menyu niliviweka mwisho kabisa.

Ya kwanza kwa mwindaji: Garmin eTrex 22x. Ilipotoka mwaka 2019 bei yake Marekani ilikuwa dola 200. Hapa ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Betri zinakaa kama saa 25, kwa hiyo siku mbili za porini ukiizima usiku. Sababu kubwa ya kuiweka juu ni kwamba inapokea ramani za kuongeza, kwa kadi ndogo ya kumbukumbu au kwa kompyuta. Ramani za OpenStreetMap ni za bure, na mpaka wa kitalu unaweza kuuingiza kama mstari ukauona ukitembea nao. Kwa mtu wa kambi, huo mstari unazidi kila kitu kingine kwenye kifaa. Kasoro zake mbili zijue mapema: waya wake ni mini-USB, ile ya zamani, basi nunua miwili kabisa, na haina dira ya ndani. Ukisimama, mshale unayumba. Lazima upige hatua kadhaa ndipo ukae sawa.

Mvuvi afikirie sana kasoro hiyo ya pili. Mtumbwi unaosukumwa na upepo polepole ni kama mtu aliyesimama, mshale unakudanganya. Ndiyo maana kwa mvuvi naweka eTrex SE mbele. Ni ya mwaka 2023, dola 150 ilipotoka, ina dira, na kiwanda kinasema betri mbili zinafika saa 168. Skrini yake haina rangi na haipokei ramani, lakini bwawani ramani ya nini? Unaweka pointi ya mwalo, pointi ya kila wavu, pointi ya visiki vinavyochana nyavu, na mahali ulipoona viboko jana. Unafuata mshale. Kila ukibadilisha betri ipime dira upya kama menyu inavyoelekeza, la sivyo itakupeleka pembeni.

Zote mbili zinavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Hiyo haina maana kwamba zinaelea. Zinazama kama jiwe, na chini ya Nyumba ya Mungu ni tope tupu. Ifunge kamba shingoni. Asiyetaka kamba atafute GPSMAP 78 au 79s, zilizotengenezwa kwa watu wa maji na zinaelea. Ni kubwa na ghali zaidi, na kwa mvuvi wa perege sioni zinarudishaje hela yake.

GPSMAP 67i ni ya mtu anayebeba roho za wengine. Nilipokuwa napeleka wageni upande wa Ziwa Natron, ambako unaweza kuendesha nusu siku simu haina mtandao, ningeitamani sana. Inatuma na kupokea ujumbe kwa setelaiti za Iridium, na ina kitufe cha dharura. Ilitoka kwa dola 600, na ujumbe haupiti bila kulipia kifurushi. Betri yake ni ya ndani, ya kuchaji; beba waya wa gari. Kitufe cha dharura kinafika kwanza kituo cha huduma Marekani, nao ndio wanatafuta waokoaji wa huku, kwa hiyo namba ya kambi yako na ya mwenye gari la pili ziwe zimehifadhiwa humo tangu nyumbani. Gari la jirani ndilo linalofika mapema.

eTrex 32x naipita haraka. Ni 22x yenye dira na kipima mwinuko kwa dola 100 zaidi. Mwongoza wageni wa mlimani Moshi ataifaidi.

Na simu? Inasoma setelaiti hata bila laini, ukishapakua ramani kabla ya kuondoka. Iwe ya akiba, pamoja na pawabenki. Peke yake inachoka mapema, na skrini ikilowa haisikii kidole.

Sasa jambo lililowahi kutugharimu siku nzima. Tulipewa namba za mpaka zilizosomwa kwenye ramani ya karatasi, tukaziingiza, tukajikuta upande wa pili wa korongo. Ramani za zamani za Tanzania za 1:50,000 zilipimwa kwa mfumo wa zamani wa kuhesabu mahali uitwao Arc 1960, wakati GPS inatoka kiwandani ikiwa kwenye WGS 84. Tofauti ni karibu mita 300, na mita 300 ni kitalu cha mtu mwingine. Muulize aliyekupa namba ametumia mfumo upi, kisha badilisha kwenye mipangilio. Angalia na kanda ya UTM, yaani vipande ambavyo dunia imegawanywa kwa ajili ya namba za ramani: Arusha, Moshi, Longido na Simanjiro ziko 37 kusini, lakini mstari wa nyuzi 36 unapita Ziwa Natron, na ukienda Loliondo au Eyasi uko kanda ya 36. Hapo hapo zima WAAS, huduma ya setelaiti ya kusahihisha vipimo vya GPS. Inasaidia Amerika ya Kaskazini, huku inakula betri bure.

Wengi tutanunua iliyotumika, na Arusha zipo, zilizoachwa na wapimaji na makampuni ya utalii. Fungua mfuniko wa betri: ukiona unga wa kijani kwenye vyuma, betri zilivuja humo, rudisha. Bonyeza kila kitufe, na kijiti cha kidole gumba kisiwe kimelegea. Kifaa cha zamani kikionyesha tarehe isiyoeleweka usikikatae kwa hilo tu. Hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri Aprili 6, 2019 na baadhi havikusasishwa. Mahali vinapaonyesha sawa, ila kurasa zao za mwezi na jua usiziamini.

Usiipimie ndani ya duka. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba tutoke nayo nje," mkae mahali pa wazi. Ikiwa imesafiri kutoka mbali au haijawashwa muda mrefu, ipe robo saa, maana kupokea orodha nzima ya setelaiti kunachukua dakika 12 na nusu. Ikishasoma, weka pointi mlangoni, zunguka mtaa mzima, kisha ifuate ikurudishe. Ikikuleta kwenye mlango ule ule, anza kuongea bei.