Sola ya wati 200 na betri ya lithiamu kwenye nyumba ya mikoroshoni: nimeitumia masika na kiangazi

Nianze na alama ili asiye na muda aondoke nazo. Betri nyota tano. Chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, nne. Paneli nne. Inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, tatu. Nyaya nilizouziwa pamoja na hivyo vyote, sifuri. Duka lenyewe nyota mbili, na hizo mbili ni za kijana wa stoo aliyeifunga paneli kwa godoro kuukuu mpaka ikafika kwetu Newala, mkoani Mtwara, bila mkwaruzo. Jina la duka silitaji, ugomvi wetu tutaumaliza wenyewe.

Nyumba ni ya marehemu mjomba, na sisi Wamakonde, tunaorithi upande wa mama, mnajua mambo ya mjomba yalivyo, ikaniangukia mimi. Ipo katikati ya mikorosho, kitongojini. Umeme wa REA kijijini umefika, na ukiwa karibu na nguzo unalipa elfu 27 wanakuunganisha. Nguzo ya karibu na kwangu naiona nikipanda juu ya kenchi. Nimeshaendesha malori muda mrefu, Fuso kwanza kisha semi, kwa hiyo volti 12 hazinitishi, na pensheni ya dereva mnaijua, fundi wa kulipwa kwa siku sikumtaka. Ukarabati wote nimefanya mwenyewe na vijana wawili wa ukoo: bati, fisha bodi, gata, plasta, sakafu, na hii sola.

Watu waliniuliza kwa nini nimenunua sola kabla sijapiga hata plasta. Sababu ni mbili. Ya kwanza, paipu za waya zinatakiwa ziingie ukutani kabla ya plasta, na hujui zipite wapi kama hujui betri itakaa wapi. Ya pili, kazi yenyewe ilihitaji umeme. Kuta za mjomba ni tofali za kuchoma zilizojengewa udongo badala ya saruji, na udongo wa miaka yote hiyo umekuwa unga. Ukiweka tindo na nyundo kutafuta njia ya paipu, hubomoi mstari, unang'oa tofali zima na jirani yake. Dawa ni grenda. Unachora mistari miwili kwa chokaa, upana wa vidole viwili, unaikata yote miwili kina cha sentimita tatu hivi, halafu unapitisha tindo katikati taratibu, kile kipande kinaruka chenyewe na kingo zinabaki. Vumbi lake jekundu linaingia mpaka kwenye meno, funga kitambaa.

Grenda yangu ni ya wati 700. Inveta ni ya wati 1000, ile ya wimbi safi, yaani umeme wake umetulia kama wa nguzo, nikasema itatosha. Inatosha, ila kwa manung'uniko. Unapobonyeza swichi inashtuka, feni yake inaanza kuvuma, na siku ya kwanza ilizima kabisa ikawasha taa nyekundu. Hapo ndipo nyaya zilipojitambulisha.

Hesabu ni ya darasa la saba. Wati 700 kwa volti 12, ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta, unavuta karibu ampia 70 kutoka kwenye betri. Ampia 70 si mchezo, ni mambo ya stata ya kuwashia injini. Nikaushika waya wa kutoka betri kwenda inveta, nikauachia haraka, ulikuwa wa moto. Kwa nje umeandikwa milimita za mraba 25 na ni mnene wa kupendeza. Nikamenya ncha, nikakwangua uzi mmoja kwa wembe: juu mwekundu, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Na ganda la plastiki ndilo lililokuwa nusu ya huo unene. Nilipowarudia dukani nikaambiwa, "Njomba, mali ikishatoka hairudi." Basi. Nikaenda kwenye maduka ya spea za malori, nikanunua waya wa betri ya Fuso, shaba tupu, mita moja kwenda na mita moja kurudi, nikabana vichwa vyake kwa nyundo na vaisi. Tangu hapo grenda inaanza bila inveta kuzima. Kwa hiyo mkienda kununua, bebeni wembe. Muuzaji akikataa usikwangue, umeshajibiwa.

Nikija kwenye betri, ambayo ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Ni lithiamu aina ya chuma na fosfeti, volti 12.8, ampia-saa 100. Dukani walitaka kunipa "seti kamili" yenye betri ya jeli, yaani ya risasi ambayo asidi yake imegandishwa, ya ampia-saa 100 na inveta iliyoandikwa wati 3000, bei ikiwa chini kwa laki kadhaa. Mteja aliyekuwa mbele yangu aliichukua akiwa na furaha kwa sababu ya hiyo elfu tatu. Lakini wati za inveta ni ukubwa wa mdomo tu, tumbo ni betri. Jeli ukitaka ikae miaka usiitumie zaidi ya nusu, maana yake katika zile wati-saa 1,200 unakula 600. Hii ya lithiamu ina 1,280 na unaweza kula zaidi ya 1,100 bila kuiumiza. Uzito wake kilo kumi na kitu, ilipanda bodaboda mapajani kwangu. Betri ya semi nilizozoea kubeba, kwa umri huu, ningeshaenda hospitali.

Ina tabia zake. Mita ya volti haikuambii kitu, kwa sababu inakaa kwenye 13.2 hivi kuanzia imejaa mpaka imebaki kidogo, halafu inaporomoka ghafla. Vile vitaa vinne vya kijani vilivyo kwenye inveta vinategemea volti, kwa hiyo vinadanganya mchana kutwa. Nimefunga mita ndogo inayohesabu kinachoingia na kinachotoka, ndiyo ninayoiamini. Na kontrola ilikuja imepangwa kwa betri ya jeli. Lazima uingie uiweke kwenye lithiamu, chaji isizidi volti 14.4, na ile kazi ya kusawazisha betri izimwe kabisa. Kijitabu cha maelekezo ni cha Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, hapo ndipo kontrola imepoteza nyota yake.

Udhamini: kwenye boksi imeandikwa miaka mitano, kwenye risiti ya EFD mwaka mmoja. Aliyekupa risiti ndiye utakayemkuta.

Masika ndiyo mtihani. Huku mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na Januari inaweza kupita wiki nzima mawingu yamekaa juu ya uwanda wetu wa juu kama mfuniko. Siku ya jua kali naingiza karibu wati-saa 700. Siku ya mawingu mazito naambulia 200, 250. Matumizi yangu ya kawaida ni taa sita za volti 12, simu za nyumba nzima na za majirani, redio, televisheni ndogo jioni, na pampu, jumla hayafiki wati-saa 450 kwa siku. Betri ikiwa imejaa inanivusha siku tatu mbaya. Ya nne naanza kuzima taa za nje.

Ikatokea mechi ya Simba na Yanga katikati ya mawingu. Nyumba ilijaa, televisheni ikaenda mpaka usiku, wageni wakaondoka inveta ikiwa imewashwa. Inveta hata isipobeba kitu inakula wati kumi hivi, kwa saa ishirini na nne ni 240, sawa na mavuno yangu ya siku ya mvua. Asubuhi betri imejifungia. Hizi betri zina ulinzi ndani, zikishuka sana zinakata kila kitu, mita inasoma sifuri kama vile hakuna betri kabisa. Tatizo ni kwamba kontrola nayo isipoona betri haiamki, hata jua likiwaka. Nilichofanya: nikatoa matumizi yote, nikamwomba jirani wa bodaboda betri yake ya pikipiki, nikaiunga kwa dakika chache kwenye kontrola sambamba na ile kubwa. Kontrola ikaamka, jua likaanza kuingia, lithiamu ikafunguka, nikamrudishia yake. Jirani alisimulia kijiji kizima kwamba pikipiki yake imewasha nyumba. Kiwanda kingeandika hili kwenye kijitabu, lakini hakuna.

Kiangazi kina adui mwingine ambaye watu wa Dar hawatamjua: salfa. Kuanzia Juni tunaipuliza kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, alfajiri wakati kuna umande, mashine zinanguruma kila shamba na unga wa njano unaelea. Ukitua kwenye paneli umechanganyika na umande unaganda utando, na nimeona kwenye mita chaji ikishuka mchana wa jua kali. Nafuta kwa kitambaa laini na maji kabla jua halijapanda, kila baada ya upuliziaji. Mbaya zaidi ni kwenye shaba. Vichwa vya nyaya vilivyoachwa wazi vinakuwa vyeusi. Vyangu nimevipaka grisi nikavifunika, na kontrola haikai barazani, iko ndani. Kama una mikorosho usifunge kifaa chochote cha shaba nje bila kukifunika, nasema kwa herufi kubwa. Na mvua ya kwanza ya msimu usiiingize kwenye simtanki, iache ioshe bati kwanza, maji yake yananuka kiberiti.

Paneli yenyewe sina neno nayo. Niliielekeza kaskazini kwa mwinamo wa digrii kumi na tano hivi. Jirani yangu mmoja fundi alinicheka Desemba, akanionyesha jua likipita upande wa kusini. Ni kweli linapita, lakini kwa miezi mingi ya mwaka linapita kaskazini, na mwinamo mdogo hauumizi. Faida nyingine maji ya mvua yanashuka na uchafu.

Kitu kidogo kilicholeta raha kubwa ni pampu ya wati 60 inayotoa maji kwenye simtanki kwenda sinki la jikoni. Newala maji ni habari ndefu, mama zetu wamebeba ndoo kupanda na kushuka mteremko wa uwanda tangu tukiwa watoto. Bati la nyumba hii, mita za mraba kama 50, mvua ya milimita 20 inashusha lita zinazokaribia elfu moja. Mama watoto kaniambia taa zizimike zote, pampu isiguswe. Nimeiwekea fyuzi yake peke yake, kwenye boksi la fyuzi la lori kuukuu, kila chumba kina njia yake. Likitokea tatizo unajua ni wapi bila kupapasa.

Kisichowezekana: friji, hapana, labda ile ndogo ya volti 12 na uwe na paneli ya pili. Pasi ya umeme sahau, tunanyoosha kwa mkaa. Kuchomelea geti nilibeba mabomba nikaenda kijijini kwenye nguzo ya watu. Mashine ya kuchanganyia zege pia hapana, zege tulichanganya kwa koleo.

Bei kama nilivyopatana: betri laki tisa, paneli laki mbili na nusu, kontrola laki moja na nusu, inveta laki mbili na ishirini. Jumla milioni moja na laki tano na ishirini, kabla ya waya wa Fuso, fyuzi na nauli. Ukiwa na laki saba tu mkononi, ningekushauri uanze na betri ndogo ya lithiamu na taa za volti 12, inveta uiache dukani. Mimi korosho zikilipa vizuri mwaka huu naongeza paneli ya pili ya wati 200. Betri sigusi. Na kwa lile duka nitarudi, kijana wa stoo bado yupo, ila wembe nitakuwa nao.